Scotch Egg ya Oveni: Namna ya Kuipika Iwe Nyepesi Bila Kuizamisha Kwenye Mafuta

Maswali yanayorudi kila mara kuhusu Scotch egg ya oveni ni haya. Mbona nyama imepasuka na yai likachungulia nje? Mbona chenga za mkate za juu zimebaki nyeupe ilhali ndani kumeshaiva? Mbona nyama ni kavu, haimezeki bila kinywaji? Na swali la nne, ambalo huulizwa zaidi na walioko Uingereza: inawezekana bila nguruwe? Inawezekana, tena vizuri. Matatu ya kwanza yanatoka kwenye kosa moja: mtu amechukua maelezo ya kukaanga, ameondoa mafuta, amewasha oveni, kisha anangoja matokeo yale yale.

Kwa asiyekifahamu chakula chenyewe, Scotch egg ni yai la kuchemsha lililovikwa nyama ya soseji, kwa kawaida ya nguruwe, likavingirishwa kwenye chenga za mkate na kuzamishwa kwenye mafuta ya moto. Waingereza huila baridi, kwa mkono, hasa wakienda mandari. Duka la Fortnum & Mason la London hudai kuwa ndilo lililoibuni mwaka 1738 kwa ajili ya wasafiri. Wapo wanaolipinga dai hilo na kuielekeza asili yake India, kwenye nargisi kofta, ambayo nayo ni yai lililofunikwa nyama ya kusaga. Aliyekula egg chop ya Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa analijua umbo hili tangu zamani. Tofauti kubwa iko kwenye viungo: huku ni tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, kule ni pilipili manga, kungumanga na majani ya seji.

Ielewe kanuni hii kabla hujagusa nyama. Mafuta ya kukaangia yalikuwa yanafanya kazi tatu: yanatia rangi, yanaigandisha nyama haraka kabla haijapata nafasi ya kupasuka, na yanaifanya isiwe kavu mdomoni. Ukiyaondoa, kila kazi lazima uifanye kwa njia nyingine. Ndiyo maana hapa chenga zinakaangwa kidogo kabla, yai linakaushwa na nyama inapozwa, na ndani ya nyama tunatia kitu cha kushika maji. Ukiruka mojawapo, utaliona pengo lake kwenye sahani.

Kuhusu wepesi wenyewe: nyama ya soseji ya Kiingereza mara nyingi ina mafuta gramu 20 hadi 25 katika kila gramu 100, hata kabla ya kukaangwa. Paja la kuku lisilo na ngozi lina gramu 5 hivi. Kwa vipimo vya mwongozo huu, Scotch egg moja inafika takriban kalori 250 hadi 280 na mafuta gramu 13 hivi, na karibu nusu ya mafuta hayo ni ya yai lenyewe.

Mahitaji (Scotch egg 6)

Mayai na nyama:

- Mayai 6 ya ukubwa wa kati au makubwa, yaliyokaa wiki moja hivi tangu kutagwa
- Nyama ya kuku ya kusaga gramu 400, ya paja, bila ngozi
- Oti laini gramu 25 (vijiko 3 vya chakula)
- Maziwa au mtindi vijiko 2 vya chakula
- Kitunguu maji 1 kidogo
- Chumvi kijiko 1 cha chai, kilichosawazishwa juu
- Pilipili manga iliyosagwa nusu kijiko cha chai
- Kungumanga robo kijiko cha chai
- Haradali ya kupaka kijiko 1 cha chai
- Seji iliyokaushwa kijiko 1 cha chai. Hili ndilo jani linalozipa soseji nyingi za Kiingereza harufu yake. Ukilikosa, weka zaatari au kotmiri iliyokatwa vidogo.

Kwa kuvika:

- Unga wa ngano vijiko 4 vya chakula
- Yai 1 lililopigwa na kijiko 1 cha maziwa
- Chenga za mkate mkavu gramu 90
- Mafuta ya kupikia kijiko 1 na nusu cha chakula

Vyombo: sufuria, kikaango, bakuli la maji yenye barafu, trei ya oveni na wavu wa chuma unaokaa juu yake, plastiki nyembamba ya kufungia chakula, na mizani ya jikoni. Mizani si ya lazima, ila ukiwa nayo itumie. Nyama ikizidi kwenye yai moja na kupungua kwenye jingine, haziivi pamoja. Kipimajoto cha chakula ni kizuri sana kuwa nacho kwa sababu hii ni nyama ya kuku.

Tenga saa moja na dakika 45. Kazi ya mikono ni dakika 45 hivi, kwingine ni kungoja.

Kama buchani kwenu hawauzi kuku wa kusaga, nunua mapaja, toa ngozi na mfupa, yakate vipande, yaweke kwenye friza dakika 20 ili yakakamae, halafu yasage kwa mashine kwa kubonyeza na kuachia. Usiache mashine izunguke mfululizo, nyama itapata joto na kugeuka uji. Kidari peke yake hatukishauri. Kina mafuta machache zaidi, lakini baada ya dakika 25 za oveni kinakuwa kikavu mno, na faida ya gramu mbili tatu za mafuta hailipi hasara hiyo.

Hatua

1. Kaanga chenga kwanza. Pasha mafuta kijiko 1 na nusu kwenye kikaango kwa moto mdogo, mwaga chenga zote, geuza bila kuacha kwa dakika 4 hadi 5 mpaka ziwe na rangi ya dhahabu. Zimwage mara moja kwenye sahani bapa, kwani zikibaki kwenye kikaango zitaendelea kuungua. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote na ndiyo jibu la chenga nyeupe. Hewa ya oveni haitii rangi kama mafuta ya moto. Rangi utakayoiona hapa ndiyo, kwa kiasi kikubwa, utakayoiona mwisho.

2. Chemsha mayai. Chemsha maji mengi mpaka yatokote, kisha tumbukiza mayai taratibu kwa kijiko, moja moja, yakitoka kwenye friji. Punguza moto kidogo ili yasigongane. Hesabu dakika tangu yai la mwisho kuingia:

- Dakika 6 na nusu kwa kiini laini, chenye unyevu katikati
- Dakika 8 kwa kiini kilichoshika

Kwa mandari, na kwa kumlisha mtoto mdogo, mjamzito au mzee, chagua dakika 8. Uingereza, mayai yenye muhuri wa simba wa British Lion hutoka kwa kuku waliochanjwa dhidi ya salmonela, na mwaka 2017 mamlaka ya viwango vya chakula ya huko ilisema hata makundi hayo yanaweza kuyala kiini kikiwa laini. Yai lisilo na muhuri huo, liwe la sokoni Kariakoo au la duka la jirani, liive.

Usichemshe zaidi ya dakika 8. Yai litarudi kwenye moto ndani ya nyama, na likizidi kuiva kiini huzungukwa na pete ya kijani-kijivu yenye harufu. Haina madhara, inaharibu tu sura na ladha. Kwa anayeishi juu, kama Nairobi, ambako maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi, ongeza dakika 1 kwenye kila kipimo.

Na wanaotaka kiini kinachotiririka kama cha migahawani London wajue kwamba kile ni cha kukaanga. Kwenye mafuta, nyama inaiva kwa dakika chache na joto halipati muda wa kukifikia kiini. Oveni inachukua dakika 25. Mara kitatiririka, mara hakitatiririka. Usikiahidi kwa wageni.

3. Poza, menya, kausha. Yahamishe mayai kwenye maji yenye barafu na yaache dakika 10 kamili. Yagonge ganda pande zote, anza kumenya upande mpana wenye mfuko wa hewa, ukiwa umelizamisha yai ndani ya maji ili maji yaingie kati ya ngozi na ute. Yai bichi lililotagwa jana humenyeka vibaya kwa sababu ute wake bado umeshikana na ile ngozi ya ndani; lililokaa wiki moja huachia kwa urahisi.

Ute ukichanika kidogo, si neno, nyama itaficha. Ukichanika mpaka kiini kinaonekana, ulile yai hilo hivyo hivyo na uchemshe jingine.

Kisha kausha kila yai kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni, mpaka mkono ukigusa usione unyevu. Fanya hivyo hata kama linaonekana kavu. Maji yaliyobaki kati ya yai na nyama hugeuka mvuke ndani ya oveni, na mvuke huo hauna pa kutokea ila kwa kuipasua nyama.

4. Andaa nyama. Loweka oti kwenye maziwa au mtindi kwa dakika 10. Kwaruza kitunguu kwenye kikwaruzo cha karoti, kiweke kwenye kitambaa na ukikamue kwa nguvu mpaka maji yaishe. Hapa watu huuliza: kama tunaogopa ukavu, kwa nini tumwage maji ya kitunguu? Kwa sababu maji hayo yako huru, yatatoka nyama ikipata joto. Yale yaliyonywewa na oti hubaki ndani ya nyama.

Changanya nyama, oti, kitunguu, chumvi na viungo vyote. Usitie yai. Halafu kanda kwa mkono dakika 2 nzima, mpaka nyama inate na kuacha nyuzi nyembamba ukiinua vidole. Chumvi ikikandwa na nyama hutoa protini zinazonata, na huo ndio mshiko wote wa kazi hii. Nyama iliyokorogwa kwa kijiko mara tatu nne na kuachwa ndiyo inayomeguka vipande unapokata.

5. Onja. Chukua kipande kidogo, kikaange pembeni mpaka kiive kabisa, ukile. Rekebisha chumvi na pilipili sasa. Chakula kinacholiwa baridi huonekana kupungukiwa na chumvi, kwa hiyo kikiwa cha moto kiwe kimekolea kidogo tu kuliko unavyopenda. Usionje nyama ikiwa mbichi.

Gawanya nyama mafungu 6 yaliyo sawa. Yatakuwa ya gramu 80 hadi 85 kila moja.

6. Vika yai. Tandaza kipande cha plastiki mezani, weka fungu moja la nyama, funika kwa plastiki nyingine, kandamiza kwa kiganja mpaka upate duara la sentimita 13 hivi na unene wa milimita 6. Ondoa plastiki ya juu. Vingirisha yai kwenye unga wa ngano, kung'uta unaozidi, liweke katikati ya duara.

Sasa inua plastiki ya chini kwa pembe zake zote nne, ikusanye juu ya yai, na uifinye ili nyama ipande pande zote na kukutana. Fungua plastiki, lowesha vidole kwa maji kidogo sana, ziba mshono na uusugue mpaka usijulikane ulipo. Zungusha kati ya viganja viwili taratibu ili unene ulingane.

Makosa matatu hutokea hapa:

- Nyama nene juu na chini, nyembamba kiunoni. Itapasukia kiunoni. Bonyeza kwa vidole, usogeze nyama kutoka palipo nene.
- Mfuko wa hewa kando ya yai. Ukihisi panabonyea, toboa kwa ncha ya kisu, sukuma hewa itoke, ziba tena.
- Kusahau unga. Ute wa yai unateleza na nyama haiushiki. Ukikata, yai litadondoka peke yake na kuacha kikombe cha nyama.

7. Pumzisha kwenye friji dakika 30. Zipange kwenye sahani, zifunike. Nyama iliyopoa hukakamaa, hivyo haibonyei wakati wa kuvika chenga na haikimbilii kusinyaa ikiingia kwenye joto. Dakika 20 zikipita washa oveni: nyuzi 200, au 180 kama ina feni, au namba 6 kwenye majiko ya gesi ya Uingereza. Trei iwe ndani ikipata moto.

8. Vika chenga. Panga sahani tatu: unga, yai lililopigwa, chenga. Tumia mkono mmoja kwa vitu vikavu na mwingine kwa yai, vinginevyo vidole vyako ndivyo vitakavyovikwa chenga. Unga kidogo, kung'uta. Yai, acha lichuruzike. Chenga, bonyeza taratibu zishike. Mzunguko mmoja unatosha. Ukivika mara mbili unapata gamba nene linalobanduka, na wepesi unapotea.

9. Oka dakika 25. Paka wavu mafuta kidogo kwa brashi, uweke juu ya trei ya moto, panga Scotch egg zikiachana sentimita 3. Wavu una kazi yake: juisi ya nyama inadondokea kwenye trei na hewa moto inapita chini. Ukiziweka juu ya trei yenyewe, kitako kitakaa ndani ya juisi na kulowa. Huna wavu? Tandika karatasi ya kuokea na uzigeuze taratibu dakika ya 15.

Usifungue oveni kabla ya dakika 15. Dakika ya 25, chomeka kipimajoto kwa ubavu, kiishie ndani ya nyama, kisiingie kwenye yai. Kisome nyuzi 75. Kama huna, toboa sehemu iliyo nene: juisi itoke isiyo na dalili ya uwaridi. Ukiona uwaridi, rudisha kwa dakika 4.

10. Ngoja kabla ya kukata. Dakika 10 kama unakula moto. Kata kwa kisu kikali chenye meno, kwa kusukuma na kuvuta. Kisu butu hukandamiza, na nyama huachana na yai.

Bila oveni

Kikaangio cha hewa (air fryer) kinafanya kazi hii vizuri kuliko oveni nyingi za nyumbani. Nyuzi 180, dakika 15 hadi 17, geuza katikati, usijaze kapu. Chenga bado zinahitaji kukaangwa kwanza, maana zikiwa kavu kabisa feni huzipeperusha.

Kwenye jiko la mkaa, tumia ule moto wa juu na chini wa kupalia mikate. Chukua sufuria nzito, tandaza mchanga mkavu chini au weka mawe madogo matatu, funika kwa mfuniko wa bati na uipashe dakika 10. Weka Scotch egg kwenye sahani ya bati iliyopakwa mafuta, ipachike juu ya mchanga au mawe hayo, funika, palia makaa mengi juu na uache machache chini. Hesabu dakika 30 hadi 35, na ugeuze mara moja baada ya dakika 20. Joto la namna hii halitabiriki, kwa hiyo usitegemee saa peke yake. Kata moja uhakikishe.

Kubadilisha nyama

Bata mzinga wa kusaga, ambaye Uingereza anapatikana kwenye kila duka kubwa, hufuata vipimo hivi hivi. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi inakubali pia, lakini inasinyaa zaidi ya kuku. Ongeza maziwa kijiko 1 na utandaze duara la sentimita 14. Ukiitia tangawizi, kitunguu saumu na bizari nyembamba badala ya seji na kungumanga, umepata egg chop ya oveni, na hakuna sababu ya kuiona kuwa ni duni kuliko ile ya Piccadilly, mtaa wa London lilipo duka la Fortnum. Ndimu usiikamulie kwenye nyama mbichi. Asidi yake huilegeza nyama na mshiko unapotea. Ikamulie sahanini.

Kwa asiyekula ngano, badilisha chenga kwa konflekisi zisizo na ngano zilizopondwa, na unga kwa unga wa mchele. Konflekisi zina rangi tayari, hazihitaji kukaangwa. Angalia pia pakiti ya oti, si zote zimetengwa na ngano.

Kubeba kwenda mandari

Ziache zipoe juu ya wavu, zisifunikwe, kwa muda usiozidi saa moja na nusu, kisha friji. Ukizifungia chomboni zikiwa bado na joto, mvuke wake utailowesha ngozi yote uliyoihangaikia. Zinakaa siku 2. Usizigandishe kwenye friza, ute wa yai uliogandishwa hugeuka kama mpira na kutoa maji.

Njiani, funga kila moja kwa karatasi, si plastiki, halafu ziweke ndani ya sanduku la baridi lenye pakiti za barafu. Zikitoka nje ya baridi, ziliwe ndani ya saa 2. Jua likipita nyuzi 32, kama ufukweni Pwani wakati wa kaskazi, saa 1. Zikatwe pale pale mnapokaa. Beba haradali, nyanya ndogo na achari ya kitunguu au ya embe. Chakula kisicho na mafuta mengi kinahitaji kitu chenye uchachu pembeni kuliko kile cha kukaanga.

Kama imeharibika

Nyama imepasuka. Tazama ufa uko wapi. Ukiwa kwenye mshono, hukuziba vizuri. Ukiwa kiunoni, unene haukulingana. Ukiwa popote tu na ndani kuna nafasi tupu, yai lilikuwa na maji au kulikuwa na hewa. Na kama zote sita zimepasuka mahali tofauti tofauti, ni nyama haikukandwa vya kutosha au oveni ina moto kupita unavyosoma kwenye kitufe. Oveni nyingi za zamani hudanganya kwa nyuzi 10 au 20. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani kitakuonyesha.

Nyama na yai vimeachana baada ya kukatwa. Unga ulisahauliwa, au ulikata ikiwa ya moto mno, au kisu ni butu. Ikilala kwenye friji usiku mmoja hushikana zaidi, kwa hiyo kama ni za wageni zipike jana yake.

Nyama kavu. Ulitumia kidari, au uliacha oti, au ilipita dakika 30. Joto likifika nyuzi 75 kazi imekwisha. Kila dakika baada ya hapo inakamua maji tu.

Chenga zimedondoka. Mara nyingi nyama ilitoka friji ikiwa na umande juu na unga haukuutosha. Ifute kwanza kwa karatasi, kisha unga, kisha yai. Chenga kubwa kama punje za mahindi nazo hazishiki, zisage ziwe ndogo.

Kitako kimelowa. Hukutumia wavu, au trei iliingia ikiwa ya baridi.

Nje imekolea rangi, ndani bado mbichi. Chenga ziliungua kidogo tangu kikaangoni, au unene umezidi milimita 6 kwa mbali. Funika juu kwa karatasi ya alumini, shusha oveni mpaka nyuzi 170, ongeza dakika 8 na upime tena. Usizirudishe kikaangoni, nje kutaungua kabisa kabla ndani hakujasogea.

Kiini kimekaa pembeni, kimegusa ukingo wa ute. Yai lilichemka likiwa limelala bila kugeuzwa. Dakika mbili za kwanza yazungushe mayai ndani ya maji kwa kijiko, na kiini kitashikia karibu na katikati.

Ladha imepooza ikiwa baridi. Ongeza chumvi robo kijiko cha chai na haradali nusu kijiko kwenye mchanganyiko utakaofuata, na uzitoe friji dakika 15 kabla ya kuzila.